Ukoka wa Barka

Kisima chetu kilikuwa na maji ya kunywa.
Nasema kilikuwa. Mwaka tuliohamia Barka
tuliwapa wageni kwa gilasi, bila haya,
na shemeji yangu Mundhir alikunywa mbili, akaomba ya tatu.
Siku hizi ukichemshia chai
birika linaota magamba ndani, kama samaki,
na paka hunusa bakuli lake, akaondoka.

Lakini hii si habari ya chai.

Ghaniya alitaka majani mbele ya baraza,
ya kukanyaga bila viatu,
kama uwanja wa shule aliyosoma Wete.
Nikamwambia, haya. Nikaleta mchanga, malori mawili,
nikaleta ukoka uliokunjwa kama mikeka ya msiba,
nikatandaza mipira, nikatega saa ya kufungulia maji:
kila siku, saa saba mchana, dakika sita.
Dakika sita! Nikajiona mkarimu.

Mwaka wa kwanza, kijani.
Wa pili, ncha zikaungua,
zikawa rangi ya gazeti lililosahauliwa dirishani.
Wa tatu, upande wa geti, kipara:
duara, pana kama sinia la arusi.

Watu wakasema jicho. Bi Shamsa akaja na chetezo,
akafukiza ubani mpaka nyasi zikanukia kama biarusi,
zikaendelea kufa.
Mundhir akasema mbuzi.
Muuza mbolea wa Seeb akasema mbolea
(angesema nini?),
nikamwaga magunia manne, kipara kikanenepa.

Rofiqul, mtu wa Barisal,
anayepanda mitende ya mtaa mzima,
hakusema kitu. Alichomoa kisu,
akakata udongo kipande cha mraba, kama halua,
akakilaza ubavu.
Tazama mizizi, Abu Zahran.
Imeshuka kidole kimoja, imefika kwenye utepe mweupe,
ikapinda, ikashika njia ya pembeni
kama mtu aliyekuta mlango umefungwa
na hataki kuonekana anarudi.
Akalamba udongo. Akanipa, nikalamba.
Chumvi. Na nyuma ya chumvi, uchungu kama wa dawa.

Kiarabu chake kidogo, changu kina Pemba ndani yake,
lakini tulielewana.
Maji kidogo, jua kali: maji yanapanda juu, chumvi inabaki.
Kila mchana nilikuwa naandika mstari mmoja
katika daftari la deni.
Ukoka unakunywa, na kiu inazidi.
Mwagilia usiku, akasema. Siku nne upumzike, kisha mengi,
yazame, yaisukume chumvi chini
pasipofika mzizi.

Na kipara?
Akaenda kuchukua mtaimbo.

Pigo la tatu, ukalia: ngaa.
Tukafukua saruji, mifuko mitano iliyogeuka jiwe,
mshono wa karatasi bado umechorwa mgongoni mwake.
Ndipo nikakumbuka. Siku ya mwisho ya ujenzi
msimamizi aliuliza, hii iliyoharibika tuitupe wapi,
na mimi, kwa haraka ya kulala kwangu,
nilionyesha kwa mguu.
Fukieni hapo.

Bi Shamsa, niwie radhi kwa ubani wako.
Jicho lilikuwa langu.

Kisima, hata hivyo, hakina mtaimbo.
Huko nyuma pampu zinaunguruma usiku kucha,
kila shamba linavuta, nami navuta,
na bahari inakuja kwa chini, haipigi hodi.
Kwa hiyo tumepunguza. Pembeni kokoto, na mkunazi mmoja
usiojali maji yana ladha gani.
Katikati tumebakiza ukoka, pana kiasi cha viti viwili.

Ghaniya alisimama akautazama, mikono kiunoni.
"Huu si uwanja," akasema. "Hii ni leso."
Akavua ndara, akapanda juu ya leso yake.

Jana, alipolala, nilitoka na kisu
nikakata kipande kama halua, nikakilaza ubavu.
Vidole viwili na nusu.
Nikakirudisha, nikakikandamiza kwa kiganja,
nikanawa kwa maji ya chumvi.